Deni la Viti na Ng'ombe wa Mke Mwenzangu

Ng'ombe wangu nilimuuza sokoni Keroka ili nilipe deni la viti. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu wako watu wanaosema kwamba mwaka ule nilikuwa na roho mbaya, na watu hao hao hawasemi kwamba nililipa.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Kuandika najua, na kwa hesabu hakuna mtu wa kunidanganya. Mume wetu ni marehemu. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wawili, mimi mkubwa, na yule aliyeletwa nikiwa tayari na watoto wanne. Nyumba yake iko juu ya yangu kidogo, katikati kuna ua wa miti. Kwa lugha yetu wivu wa wake wenza una jina lake peke yake, engareka. Hauchanganywi na wivu mwingine. Wazee walijua ni ugonjwa wa namna yake. Mimi nilidhani mume akizikwa, nao utazikwa. Tulimzika, tukamaliza matanga, na kesho yake asubuhi nikajikuta nachungulia uani nione moshi wa nani umetangulia kupanda.

Chama chetu ni cha akina mama wa mlima huu wetu wa Nyamira, watu ishirini na wawili. Tunakutana Jumapili mchana, maana wengi wetu Jumamosi ni Sabato, na Wakatoliki wachache tulio nao huwa wametoka misa saa hiyo. Pesa zinakaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu, wanawake watatu, na hao watatu wasiwe ndugu. Daftari nalo linafungiwa humo humo. Ndiyo sheria yetu kubwa: neno ambalo halijaandikwa katika daftari hilo halijasemwa, hata kama mlilipigia makofi. Ufunguo mmoja naushika mimi tangu chama kianze. Nauvaa shingoni, ndani ya nguo.

Huku kwetu kwenye chai kuna kosa ambalo sijui kama watu wa mahindi wanalijua. Bonasi ya kiwanda cha chai hulipwa mara moja kwa mwaka, na sisi huila kabla haijafika. Mwaka ule watu walisema itakuwa nono. Nani alisema? Kila mtu alisikia kwa mwenzake pale kituo cha kupimia majani. Basi lori likaja Ekerenyo limebeba viti vya sofa, televisheni za sola na majiko ya gesi, na wanawake wakateremka mlimani kama siku ya harusi. Mke mwenzangu akakopa chamani akanunua viti vya watu watano na televisheni. Nilipoona boda boda tatu zinapanda na viti vile vimefungwa kwa kamba, sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilikopa na mimi. Nikanunua vya watu saba.

Sheria nyingine ya chama: mdhamini wako lazima atoke boma lako, ili asije akasema hakuona. Kwa hiyo yeye alinidhamini mimi, nami nikamdhamini yeye. Rehani yake ilikuwa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na yangu ng'ombe wa gredi. Ukishindwa, mnyama wako anakaa kwa mdhamini mwezi mmoja, kisha anauzwa.

Bonasi ikaja imekonda. Sitasema ilikuwa kiasi gani, inatosha kusema kwamba kuna wanaume waliorudi kutoka mjini bila kununua hata mkate. Mimi sikungoja kuitwa. Nilimfunga ng'ombe wangu kamba, nikatembea naye mpaka Keroka, nikarudi na kamba. Jumapili ile nikalipa deni na riba yake, mpaka shilingi ya mwisho. Walinipigia makofi nikaketi.

Mke mwenzangu hakulipa. Mwanzoni kila Jumapili alileta kidogo cha pesa ya maziwa, kidogo kisichofika hata riba, na akasema ataendelea. Kisha akaacha kuja, na nusu ya chama walikuwa kama yeye.

Sasa elewa nilivyokuwa nakaa. Nina kipande cha nepia kule chini karibu na mto, majani mazuri ya ng'ombe, na sina ng'ombe. Yeye ana ng'ombe, na majani yake hayatoshi. Kwa hiyo kila asubuhi alinunua mizigo miwili kutoka kwangu, akanilipa papo hapo, pesa mkononi. Nilikata majani yangu, yakapanda kwake, yakaingia kwa ng'ombe wake, na saa nne harufu ya chai ya maziwa ikapita uani ikanikuta nakunywa turungi. Yeye anadaiwa na anakunywa maziwa. Mimi sidaiwi na nakunywa maji yenye rangi. Hilo jambo nililitafuna kila siku kama mtu mwenye jino bovu.

Ndipo mwenyekiti akaleta neno la kufuta madeni. Mwenyekiti wetu ni fundi wa nguo pale Kebirigo, mwanamke mwenye sauti ya chini, na hapendi kurudia jambo. Siku hiyo tulikuwa tisa tu. Alituambia tujihesabu. Akauliza wengine kumi na watatu wako wapi, na akajijibu mwenyewe kwamba wako nyumbani wanatuogopa. Wenye deni hawaji chamani, hawaweki akiba, maana wakiweka tutaikamata. Sanduku limelala. Alisema deni lile halitalipwa hata tukikaa miaka mitatu tukiliangalia, na kwamba afadhali tulifute lote mara moja, hasara tuigawane kwenye mgao wa mwisho wa mwaka, tuanze upya. Mwingine akaongeza maneno ya kanisani juu ya kusameheana. Wanane wakaitikia. Niliwatazama mmoja mmoja, nikajua ni wangapi kati yao wana dada au mkwe aliyekopa.

Nikauliza swali langu.

"Na sisi tuliolipa, mtatufutia nini?"

Mwenyekiti alisema, "Magokoro, wewe huna deni."

Magokoro ndilo neno letu la bibi mzee, na hapo alilitumia kwa heshima, lakini lilinichoma. "Najua sina," nikamwambia. "Sina deni na sina ng'ombe. Ningekaa kimya kama wengine, leo ningekuwa na vyote viwili, viti na maziwa. Basi mnatufundisha kwamba anayelipa ni mjinga."

Mweka hazina aliinua ufunguo wake, na yule wa tatu akatoa wake, ili wafungue, waandike. Nikasimama, nikajifunga leso, nikaenda nyumbani na ufunguo wangu shingoni. Bila mimi daftari lisingefunguka, na lisipoandikwa halijasemwa. Nyuma yangu nilimsikia mmoja akisema kwamba huo si ufunguo, ni engareka imening'inia shingoni. Sikugeuka, kwa sababu alisema kweli.

Kesho yake nikafanya na lingine. Mimi ndiye mdhamini, nikaenda kudai sheria ifuatwe. Wanawake wawili wa kamati walikuja nami shingo upande. Mke mwenzangu alikuwa anaosha ndoo. Hakupiga kelele. Alimfungua ng'ombe mwenyewe, akampangusa matope miguuni kama mtu anayempeleka mtoto shule, akanipa kamba. Nilimpitisha kwenye pengo la ua nikamfunga kwenye zizi langu lililokaa tupu miezi mingi.

Siku ile nilikuwa na furaha. Siwezi kuficha, naandika ya kweli. Nilikaa mlangoni nikamwangalia ng'ombe yule anavyotafuna, mnene, maziwa yamemjaa, nikasema moyoni, leo na yeye anywe turungi.

Asubuhi nikaenda kukata majani. Nikabeba mzigo wa kwanza, nikabeba wa pili. Nikampa. Alikula yote na kunitazama kama anauliza kama hayo ndiyo yote. Nilipokuwa nasugua mikono nikakumbuka kwamba saa hiyo ndiyo saa ya kupokea pesa yangu ya majani. Nikatazama ua. Nani aje kununua? Aliyekuwa ananunua nimemnyang'anya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe yuko kwangu anakula bure.

Nilijiambia maziwa yatafidia. Sheria inasema mdhamini anakunywa maziwa kwa sababu ya kumlisha mnyama. Lakini ng'ombe yule alikuwa anajua mkono mmoja tu. Kwa mke mwenzangu alikuwa anajaza ndoo. Kwangu alibana, akapiga teke, siku ya tatu akaimwaga hata ile kidogo. Nikapata kikombe cha chai yangu na cha mjukuu, basi. Walimu wa shule waliokuwa wanachukua maziwa kwa mke mwenzangu kule juu walikuja kwangu siku mbili, wakaona hayafiki, wakahamia ng'ambo ya mto.

Bila pesa ya majani nikategemea mboga. Alhamisi nilishuka Kebirigo na kikapu cha chinsaga, zile mboga zetu chungu ambazo hakuna Mkisii anayekataa, nikatandika gunia mahali pangu. Mpaka saa tisa sikuwa nimeuza hata nusu. Nilianza kuwahesabu wateja wangu wa siku zote. Mmoja nilimwona kwa mbali, mwanachama mwenzetu, anadaiwa. Alikuwa anakuja moja kwa moja, akaniona, akapinda akazunguka nyuma ya vibanda vya mitumba. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Mwanamke muuza nyanya aliyekaa karibu nami alicheka, akaniambia hivi:

"Nyinyi watu wa chama mmeua soko. Mwenye deni lenu hawezi kununua hata chumvi mbele yenu. Akinunua nyama mtasema pesa anayo, kwa nini halipi. Kwa hiyo wanatuma watoto dukani jioni, au wanakaa na njaa."

Nilimwambia auze nyanya zake aache yangu. Lakini nilirudi na kikapu kizito, na njia ya kupanda ni ndefu. Nilipiga hesabu njia nzima. Pesa yangu ya majani ilitoka kwenye maziwa yake. Maziwa yake yalitoka kwenye ng'ombe aliyewekwa rehani. Watu kumi na watatu wanajificha, na hao ndio walionunua mboga zangu, ndio waliompelekea mwenyekiti vitambaa vya kushona, na yeye naye ndiye mteja wa yule muuza nyanya. Sikupenda mahali hesabu ilipofikia, lakini nilishasema hakuna wa kunidanganya kwa hesabu, hata mimi mwenyewe.

Hiyo haikutosha kunitoa ufunguo shingoni. Ninawaambia msije mkadhani hesabu ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa tayari kula hasara ilimradi na yeye ale.

Ilipobaki wiki moja ng'ombe auzwe, mke mwenzangu alipita kwenye pengo la ua asubuhi. Nilijua amekuja kuomba, na nilikuwa nimejiandalia la kumjibu. Alinisalimu, nikaitikia. Akasimama kwenye zizi akamtazama ng'ombe aliyekonda mbavu, akaniambia kwamba mnyama ana mimba ya miezi minne, nisimpe majani yenye umande, tumbo litavimba. Kisha akachuchumaa, akachukua ndoo yangu.

"Mama, njoo uone. Usimkamate kwa nguvu. Ukianza, mwimbie kidogo, au hata mnung'unikie tu, ajue kuna mtu."

Akanung'unika wimbo fulani kwa pua, na maziwa yakashuka. Ndoo ikalia, halafu ikanyamaza kwa sababu ilikuwa inajaa. Nilisimama pale kwenye zizi langu mwenyewe kama mgeni. Nilimuuliza kwa nini ananionyesha, na mnyama anauzwa Jumatatu.

"Atauzwa kwa bei mbaya akiwa hivi," akasema. "Na anayeumia ni yeye, si mimi wala wewe."

Hapo nikakasirika, maana nilikuwa nimetarajia machozi. Nikamwambia asijifanye mtu mwema, kwamba angelipa kama mimi nilivyolipa, kwamba mimi niliuza wangu bila kusukumwa na mtu. Aliendelea kukamua. Alipomaliza akaniwekea ndoo miguuni.

"Wewe ulinunua viti ili unishinde," alisema, "na ukauza ng'ombe ili unishinde. Mimi sikuwa kwenye mashindano. Mimi viti nilinunua nikalie."

Akapita kwenye pengo akaenda kuchuma chai yake, maana wachumaji hakuwa na pesa ya kuwalipa tena.

Nilibeba ndoo nikaingia ndani. Viti vyangu saba vilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, miezi yote hiyo, nisije nikavichafua. Wajukuu nilikuwa nawafukuza. Nilijaribu kukalia kimoja, nailoni ikalia chini yangu, nikasimama.

Jumapili nilikwenda chamani. Tulikuwa saba tu. Nilivua ufunguo nikauweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti. Wakafikiri nitahubiri. Sikuhubiri. Nilimwuliza mwenyekiti anihesabie mbele ya wote nitapoteza kiasi gani katika mgao wangu wa mwisho wa mwaka wakifuta. Akahesabu. Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu tena, kiasi kilikuwa kile kile, na hakikuwa kidogo.

"Futeni," nikasema. "Lakini kwanza iandikwe, ukurasa wake peke yake, kwamba mimi nililipa. Mwandike na ng'ombe."

Katibu, binti wa umri wa mjukuu wangu, aliniuliza aandikeje habari ya ng'ombe. Nikamwambia aandike rangi yake, na kwamba aliuzwa Keroka, na kwamba hakuna aliyeniambia nimuuze. Aliandika. Nikamwomba anisomee, akanisomea, kisha nikakubali wageuze ukurasa. Wakaandika lile lingine, la kufuta, pamoja na sheria mpya kwamba hakuna mtu atakayekopeshwa kwa ahadi ya bonasi, wala kwa kitu cha kukalia au kutazama.

Mtu akiniuliza leo kama kufuta madeni ya watu kunasaidia, nitamjibu nilichoona. Wiki mbili hazikupita, wanawake waliokuwa wanazunguka nyuma ya mitumba wakaanza kupita mbele ya gunia langu. Mmoja alinunua mafungu matatu na hakutaka hata nimpunguzie. Chamani tukawa kumi na saba, akiba ikaingia. Soko likaamka, sikatai. Lakini wako wawili ambao walikopa tena mahali pengine, kwenye simu, wakanunua upumbavu ule ule, na mgao wangu wa mwaka ulikuwa mwembamba nikaurudisha kwenye mfuko bila kuuhesabu mara ya pili. Wanaosema kufuta hakumgharimu mtu hawakuwa na ufunguo. Kuliwagharimu waliolipa. Kama nchi nayo inataka kufuta madeni ya watu, ifute, nimeona kunavyofanya kazi. Ila wale waliouza ng'ombe wao waandikwe mahali.

Ng'ombe alirudi kwake siku ile ile ya Jumapili, jioni. Sikuhitaji kumwongoza. Nilimfungua tu, akapita kwenye pengo la ua bila kutazama nyuma, na nikasikia mke mwenzangu akinung'unika ule wimbo wake. Kesho yake alikuja kununua majani, mizigo miwili. Nilimpandishia bei kwa shilingi ishirini. Alilipa akanishukuru, na hiyo iliniudhi kuliko kama angebishana.

Kwenye zizi langu yalibaki mavi ya mwezi mzima, rundo zuri. Hayo hayakuandikwa daftarini na hakuna aliyeyauliza. Nilichukua jembe na karai, nikayamwaga yote kwenye mashina ya ndizi zangu kabla mke mwenzangu hajayakumbuka.